Barua ya Kumi na Mbili

Simu ya Nokia ilitikisika ndani ya mkoba saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Ilikuwa simu ya batani, ya zamani, imefungwa mpira wa bluu. Watu wawili tu duniani waliwahi kuwa na namba yake, na mmoja wao alikwisha kufa. Sindano aliitoa, akaiweka sikioni, akageukia ukuta kama mtu anayepokea habari za nyumbani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Yule mgonjwa wetu wa chumba namba nne amepata wageni."

"Wangapi?"

"Wawili. Wameshafika mtaani. Nyumba bado hawajaijua. Kwa mwendo huu, saa sita watakuwa wameijua."

"Na wale wanaomuuguza?"

"Sura zao nazo zimo kwenye mti wa ukoo. Wakitia mguu pale wanajulikana, na mgonjwa mwenyewe akitoka nje anajulikana. Nimebaki na wewe na dereva."

"Nani amewaonyesha wageni njia?"

"Shangazi yake," akasema. "Bila kujua."

Simu ikakatwa.

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wa idara isiyokuwa na kibao mlangoni wala namba kwenye kitabu cha simu. Mgonjwa wa chumba namba nne naye hakuwa na homa hata ya kusingizia, na wauguzi wake walikuwa walinzi wa idara. Alikuwa karani wa ghala la forodha aliyefungua kreti zilizoandikwa "feni za dari" akakuta bunduki, na badala ya kufumba macho kama wenzake, akasema. Kwa sababu alisema, alikuwa amefichwa miezi minane kwenye chumba cha kupanga, bila simu, akisubiri kesi iliyokuwa wiki tatu mbele. Sindano ndiye aliyempeleka huko. Ndiye aliyemwambia, akimtazama machoni, kwamba hakuna atakayempata.

Aliirudisha Nokia mkobani.

Mbele yake, kwenye skrini ya kompyuta ya ofisi, palikuwa na mti wa kijani wenye majani ya dhahabu. Ukoo Wetu. Chini ya mti kulikuwa na nishani ya ubora, na chini ya nishani jina la mkaguzi aliyeitoa.

Mkaguzi huyo alikuwa yeye.

Idara ilikuwa imempandikiza pale miaka miwili iliyopita. Kijiwe ulikuwa mtandao ambao nusu ya nchi iliamka nao na kulala nao, na yeyote mwenye ujuzi wa kompyuta aliruhusiwa kutengeneza programu yake ndogo akaileta ipachikwe humo: mchezo wa karata, kalenda ya wajawazito, kipima usingizi. Kabla ya kupachikwa, kila programu ilipandishwa ghorofa ya tano, kwa wakaguzi kumi na wanne wenye orodha ya viwango arobaini. Ifunguke ndani ya sekunde tatu. Isipige kelele bila kuulizwa. Ieleze kwa lugha nyepesi kwa nini inataka picha za mtu. Kikikosekana kiwango kimoja, mkaguzi aliandika barua ya kueleza kosa na namna ya kulirekebisha.

Sindano aliwekwa pale anuse majasusi. Lakini mtu akikaa na kazi miaka miwili, kazi nayo hukaa na mtu. Barua za wenzake zilikuwa mistari miwili, na mmoja wao hakuwahi kupata nukta mahali pake. Za kwake zilijaza kurasa tatu, zenye mifano, na neno la kutia moyo mwishoni. Ofisi nzima ilimwita Mwalimu, na aibu yake ni kwamba alilipenda jina hilo.

Ukoo Wetu ilirudishwa mara kumi. Mwanzo ilikuwa takataka tupu: ilikwama, ilidai picha zote za simu, ilinuka wizi. Sindano aliona uzembe, hakuona ujasusi. Barua ya kwanza aliandika: elezeni mnazitakia nini picha. Wakaeleza kwamba bibi aone sura za wajukuu. Barua ya tatu: msichukue picha za majirani bila ruhusa. Wakaanza kuomba ruhusa, kwa upole ambao hakuna aliyeweza kuukatalia. Barua ya nane: mtumiaji analalamika kwamba haimtambui ndugu yake aliyezeeka. Wakafanya iwatambue wote, wazee kwa vijana. Barua ya kumi na moja ilikuwa ya pongezi.

Mwizi alikuja kuvunja dirisha, yeye akamfundisha kupiga hodi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Sindano hakutaka pole ya mtu. Alitaka dakika mia moja.

Aliufungua mti, akatafuta. Haikuchukua muda; programu ilikuwa nzuri kweli. Jani moja lilikuwa na picha ya mtoto wa miaka tisa, mapengo mawili mbele, sare ya shule imefungwa kifungo cha juu. Aliyeiweka ni shangazi, dada wa baba, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Chini yake ameandika: *Mwanangu, popote ulipo, kitanda chako nakitandika kila siku.*

Programu ilikuwa imeichukua sura ile, ikaizeesha miaka ishirini na mbili, ikaenda kuilinganisha na picha zote za watu wote. Iliipata nyuma ya picha ya muuza mitungi ya gesi aliyejipiga mbele ya duka lake. Dirishani kwa mbali, nusu ya uso, pazia. Asilimia tisini na moja. Mtaa umejulikana. Kila jirani aliyepiga picha nyingine asubuhi hiyo alikuwa anawasogezea wauaji hatua moja.

Sindano alienda kwa Mkuu wa Viwango, mwanamume mnene mwenye kalamu nne mfukoni. Alimwambia Ukoo Wetu iondolewe sasa hivi. Mkuu aliuliza imekiuka kiwango gani. Sindano alisema inatumiwa kuwinda watu. Mkuu aliuliza tena, pole pole, ni kiwango namba ngapi hicho.

"Mwalimu, hii imepata mia kwa mia," alisema. "Hata ya kwetu wenyewe haijapata. Yenye nishani inapewa notisi ya siku kumi na nne. Sheria hiyo uliitetea wewe kikaoni, usisahau."

Hakuwa amehongwa wala hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi zilikuwa upande wa pili.

Kilichobaki ni Bibi Saa. Wakaguzi waliipa jina hilo mashine ya chini kabisa ya jengo, ambayo kila baada ya dakika kumi ilifungua kila programu na kupima muda. Programu ikizidisha sekunde tatu mara tatu mfululizo, Bibi Saa huizima papo hapo, iwe na nishani isiwe nayo, na haina Mkuu wa kumbembeleza. Na programu ikizimwa, kiwango cha ishirini na mbili hufuata: kila ilichokusanya, pamoja na nakala za akiba, kinafutwa dakika hiyo hiyo. Wale wageni wawili walikuwa watu wa kukodiwa, hawajawahi kumwona karani. Jicho lao lilikuwa mti ule tu.

Kwa hiyo mti ulitakiwa kuchelewa.

Sindano aliichukua orodha ya viwango, kadi ya ukaguzi na mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na bastola ya Beretta, na rimoti ndogo kama kifuniko cha kalamu ambayo fundi wa idara aliitengeneza. Kiyoyozi chochote kiliitii, na kompyuta zikipata joto huchelewa.

Alijua pa kwenda. Kiwango cha kumi na nne: mtengenezaji ataje anwani yake ya kweli. Katika barua ya sita aliwakaripia kwa kuandika sanduku la posta. Wakataka kuwa wakamilifu, wakaandika ukweli.

Dereva alimsubiri kwenye Toyota Probox ya kijivu, injini inaunguruma. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja. Alimtupia Sindano redio ya kificho, ndogo kama pete, ya kuweka sikioni.

"Nikushushe, halafu?"

"Halafu nenda kwa mgonjwa. Kaa kona ya nyuma. Usishuke mpaka nikwambie."

"Na usiponiambia?"

Sindano aliiweka redio sikioni, akafunga mkanda.

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Saa tano na dakika ishirini na tano. Aligonga, akashika kadi mbele ya kifua kama mkaguzi yeyote mwenye kiherehere.

Aliyefungua alikuwa mgeni mrefu, shati jeupe, sauti ya chini. Alikizungumza Kiswahili kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai. Alisoma kadi na uso wake ukachangamka.

"Mwalimu," alisema. "Karibu sana. Tulijua siku moja utakuja."

Ndani palikuwa pasafi kuliko zahanati. Ukutani, kwenye fremu za mbao, zilining'inia barua zake. Zote kumi na moja, kwa mpangilio, zimepigiwa mistari ya kalamu nyekundu. Sindano amewahi kuelekezewa bastola mara tatu katika kazi yake. Hakuna iliyomuumiza kama fremu zile.

Mpole, kwa maana idara haikupata jina lake jingine, alisema amejifunza kwake kuliko alivyojifunza chuoni. Kwao, alisema, hakuna anayekueleza kosa lako, wanakufukuza tu. Sindano alishukuru, akatoa orodha, akasema atapita kiwango kwa kiwango, na kwamba itachukua nusu saa. Mpole alisema hata saa nzima ni sawa, ila saa sita ana jambo.

Chumba cha ndani kilikuwa na kabati nane za kompyuta kubwa, zinavuma. Baridi ya digrii kumi na nane. Kwenye skrini ya ukutani palikuwa na ramani ya mtaa, na ndani yake nyumba tano zimepakwa rangi ya chungwa.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Sindano.

"Kuunganisha ndugu waliopoteana," alisema Mpole. "Ndiyo kazi yetu. Si ulituandikia hivyo, barua ya nne?"

Ni kweli. Alikuwa ameandika.

Alisimama na orodha mbele ya tumbo na kubonyeza kifuniko cha kalamu. Kiyoyozi kiliguna, kikabadili pumzi. Kikaanza kupuliza joto.

Aliuliza maswali. Milango ya dharura? Ipo. Nakala za akiba? Zipo. Lugha nyepesi? Mpole alimsomea ukurasa mzima, na ulikuwa mwepesi. Nyumba za chungwa zikawa nne. Saa tano na nusu Bibi Saa alipima, na Sindano akaona namba kwenye kona ya skrini: tatu nukta moja. Mara ya kwanza.

Kompyuta zilianza kuvuma kwa nguvu. Jasho likamtoka Mpole juu ya mdomo, akalifuta, akadhani ni wasiwasi wa kukaguliwa. Nyumba zikawa tatu. Saa tano na dakika arobaini: tatu nukta sita. Mara ya pili.

Redio ikakwaruza sikioni. Sauti ya dereva. "Wageni wako mlango wa kwanza. Wametoka. Wanaangalia simu."

Nyumba mbili.

"Mwalimu," alisema Mpole, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "mbona kuna joto?"

Alikitazama kiyoyozi. Akakitazama kifuniko cha kalamu mkononi mwa Sindano. Mkono wake ukaingia chini ya meza, na Sindano hakungoja kuona utatoka na nini. Mkoba ulikuwa mbali. Kilichokuwa karibu ni mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, mpya, umetundikwa ukutani kwa urefu sahihi. Kiwango cha thelathini na moja. Barua ya saba.

Mtungi ulimpata Mpole juu ya sikio. Bastola ilidondoka, naye akaifuata.

Sindano aliipiga teke chini ya kabati, akamfunga mikono kwa waya wa kompyuta, akasimama mbele ya skrini. Dakika sita zilizobaki hakuwa na la kufanya. Hakuna kitufe cha kubonyeza, hakuna mtu wa kumpiga risasi. Alisimama kwenye joto lile, jasho likimtiririka mgongoni, akaomba, yeye ambaye hakuwa mtu wa kuomba, kwamba programu iliyokamilishwa kwa mikono yake mwenyewe ishindwe.

Nyumba moja.

"Wanapanda ngazi," alisema dereva.

Saa tano na dakika hamsini.

Nne nukta mbili.

Skrini ikawa nyeusi. Halafu maandishi meupe: *Programu hii imesimamishwa kwa siku saba. Taarifa zake zimefutwa.*

"Wamesimama," alisema dereva. "Wanatikisa simu. Mmoja anaiinua juu kama anatafuta mtandao."

"Mwite mgonjwa dirisha la nyuma, mwambie atoke."

"Wako ngazini, Sindano."

"Hawamjui tena. Abebe mtungi wa gesi. Ashuke."

Sindano aliikandamiza redio sikioni. Kisha dereva akacheka, cheko fupi la mtu asiyezoea. "Wamempisha. Yule mmoja amemwambia pole kwa mzigo."

Mpole alikuwa amefumbua macho sakafuni. Hakuonekana kukasirika. Aliuliza, kwa adabu, ni kiwango gani kilichowaangusha.

"Cha kwanza," alisema Sindano. "Kasi."

"Ah." Alifikiri. "Hicho kinarekebishika."

Walikutana kwenye kituo cha mafuta nje ya mji. Karani alikuwa kiti cha nyuma, mtungi bado magotini, kana kwamba amesahau kuutua. Alikuwa amekonda. Ndevu zilimkaa vibaya. Hakuuliza kuhusu wageni wala anakopelekwa.

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo."

"Ananitafuta?"

Sindano alitazama barabara. Mafunzo yake yalimtaka aseme hapana. "Sana," akasema.

Karani alitikisa kichwa mara nyingi, akaegemeza paji la uso kwenye mtungi. Baadaye kidogo aliuliza kama sasa yamekwisha.

"Una siku saba."

"Halafu?"

"Halafu utahama tena."

Nokia ilitikisika. Mjomba alisema mgonjwa amepona, Mungu mkubwa, na kwamba yule daktari wa kigeni aliyelala sakafuni ana karatasi za ubalozi. Jioni atakuwa nje, na hakuna wa kuzuia. Alisema pole, mwanangu. Sindano alisema ahsante mjomba.

Saa nane alikuwa amerudi mezani pake, amenawa uso, amebadilisha shati. Mkuu wa Viwango alipita akasema kumbe alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi, ile programu imelegea kweli, Bibi Saa kaiona. Akampongeza kwa pua nzuri.

Kwenye skrini palikuwa na mambo mawili. La kwanza ni nakala ya barua ambayo mashine huipeleka yenyewe kwa kila programu iliyosimamishwa, ikitumia maneno na saini ya mkaguzi wake wa mwisho. Barua ya kumi na mbili. *Programu yenu ni nzuri sana. Imekosa jambo moja tu. Punguzeni muda wa kufunguka, kisha mwilete baada ya siku saba. Msikate tamaa.* Neno la kutia moyo lilikuwa lake, herufi kwa herufi. 

La pili lilikuwa lalamiko la mtumiaji.

*Mimi ni shangazi wa yule mtoto mwenye mapengo. Mlichofuta kilikuwa na picha ya mwanangu. Ya karatasi ililowa mvua ilipovuja, nilibaki na hiyo ya kwenye mti tu. Naomba mnirudishie. Kama haiwezekani, msijali. Mwalimu wake wa darasa la tatu anayo ya darasa zima, nitamfuata nipige nyingine, na ile programu ikifunguliwa nitaiweka tena. Siku saba si nyingi. Nimeshasubiri miezi minane.*

Sindano alisoma mara mbili. Akashika ukingo wa meza.

Kiwango cha arobaini: kila lalamiko lijibiwe siku hiyo hiyo, na nakala ya jibu iende kwa mtengenezaji. Mpole, au atakayekaa kiti chake, angesoma kila neno. Sindano aliandika: *Mama, usiiweke. Nakuomba.* Aliyaangalia maneno hayo kwa muda. Yangemwambia Mpole kwamba picha nyingine ya mtoto yule ipo, na kwamba shangazi anajua ilipo.

Aliyafuta, herufi moja moja.

Kulikuwa na majibu matatu yaliyokwisha kuandaliwa. Alichagua la pili, akabonyeza. *Tunakushukuru kwa subira yako. Tunafanya kazi ili kukuunganisha na wale uwapendao.*

Kisha alichukua mkoba, akazima kompyuta, akaaga wenzake mmoja mmoja kama kawaida yake. Yule asiyejua kuweka nukta alimuuliza kama kesho atampitia barua yake moja, imemshinda.

"Niwekee mezani," alisema Mwalimu, na akatembea taratibu hadi kwenye lifti.